Eafoni mpya, sauti mbaya: anza kutafuta kosa sikioni

Miaka yote umesikilizia eafoni zilizokuja na simu, hatimaye umejibana ukanunua za maana: zile zinazoingia ndani ya sikio, zenye waya wa kuchomoka na kipakiti cha vipira vya kila saizi. Unazivaa, unaweka wimbo unaoujua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi, na kinachotoka ni sauti nyembamba, kavu, kama redio iliyofungiwa kabatini. Unazivua, unarudia zile za zamani, na za zamani zinakuwa afadhali.

Usizirudishe bado. Mara nyingi eafoni zenyewe hazina kosa. Kosa limejificha mahali fulani kati ya ngoma ya sikio lako na faili la wimbo, na njia hiyo ni ndefu: sikio, kipira, mdomo wa eafoni, waya, pini, adapta, simu, programu, faili. Wengi huanzia mwisho wa njia. Wanabadilisha programu, wananunua adapta, wanaanza kuulizia amplifaya, kumbe kipira cha kulia hakijakaa. Mimi nasema anzia sikioni utoke nje. Ukaguzi wa sikioni hauna gharama, na hakuna sehemu nyingine ya njia hiyo inayoigeuza sauti kwa kiasi kikubwa kama pale.

Kabla ya kugusa chochote, zima ikwalaiza (ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu) na kila kinachojiita besi ya ziada au sauti ya kuzunguka, kwenye simu na kwenye programu ya muziki. Kisha chagua nyimbo mbili tatu unazozijua kwa moyo. Mmoja uwe na gitaa la besi linalosikika wazi, mwingine uwe na mtu mmoja anayeimba katikati. Utatumia hizo hizo mwanzo hadi mwisho, vinginevyo utachanganya tabia ya wimbo na tabia ya eafoni.

## Besi haipo

Hili ndilo lalamiko kuu, na ndilo ambalo nitakaa nalo kwa muda.

Kispika kilichomo ndani ya eafoni ni kidogo sana, mara nyingi upana wake ni milimita 10 au pungufu. Kitu cha ukubwa huo hakiwezi kutikisa hewa ya chumba. Kinaweza kutoa besi kwa sababu tu hewa kinayoisukuma ni ile kidogo iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Pakizibwa vizuri, kila msukumo unafika. Pakibaki upenyo, hata mdogo, shinikizo linatoroka, na zinazotangulia kutoroka ni sauti za chini. Mwimbaji na matoazi hubaki. Ndiyo maana hugundui kwamba kuna kitu kimevuja. Unasikia tu muziki usio na mwili.

Pima hivi. Muziki ukiwa unapiga, weka kidole juu ya eafoni uisukume ndani kidogo, taratibu. Besi ikirudi ghafla, jibu umelipata: sikio halijazibwa. Rudia upande wa pili. Usidhani kwamba upande mmoja ukiwa sawa na mwingine uko sawa.

Namna ya kuvaa nayo ina ufundi wake. Mfereji wa sikio haujanyooka. Umepinda, na ukiisukuma eafoni moja kwa moja inagota kwenye kona. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, shika sehemu ya juu ya sikio, ivute juu na nyuma. Mfereji unanyooka. Hapo ingiza eafoni huku ukiizungusha kidogo, kisha achia sikio. Utasikia kelele za nje zimepungua kama mtu amefunga dirisha. Kama hazikupungua, bado hujaziba.

Kisha vipira. Eafoni nyingi hutoka kiwandani zimevalishwa saizi ya kati, na watu wengi hawafungui hata kile kipakiti. Jaribu zote. Jaribu pia saizi tofauti kila upande, kwa maana masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane. Mimi sikio la kulia linataka saizi ya kati, la kushoto linataka kubwa. Nilikaa wiki tatu na eafoni nzuri nikizihesabu kuwa hafifu, nikisikia ngoma zote zimeegemea kulia, mpaka siku moja nikabadilisha kipira kimoja tu. Wimbo ule ule, simu ile ile, na gitaa la besi likakaa katikati ya kichwa kana kwamba limeletwa upya. Sijasahau.

Wengi wanakwama hapa: wakisikia kuna upenyo wanakimbilia kipira kikubwa zaidi. Kipira kikizidi ukubwa kinakunjamana ndani ya mfereji, na kila kunjo ni mfereji mwingine mdogo wa kuvujisha hewa. Kikubwa kinaweza kuvuja kuliko kidogo. Dalili yake ni kwamba eafoni inajirudisha nje polepole, au sikio linauma baada ya nusu saa. Shuka saizi moja, lakini uisukume ndani zaidi.

Kama vipira vya silikoni vimekataa vyote, jaribu vya sponji. Vya sponji huvisokota kwa vidole mpaka viwe vyembamba, unaviingiza haraka, halafu unaishikilia eafoni pale pale kwa nusu dakika hivi sponji lijae lenyewe. Ukiiachia mapema, sponji litavimbia nje ya sikio na utakuwa umerudi mwanzo. Vinaziba vizuri sana, ila huchakaa: sponji likishaacha kurudi umbo lake polepole, badilisha.

Kuna upenyo unaokuja na kuondoka. Tafuna kitu au cheka huku ukisikiliza. Mfupa wa taya unapita jirani kabisa na mfereji, na mdomo ukifunguka mfereji hubadilika umbo. Jasho nalo hulainisha silikoni ikateleza. Ikiwa besi inakupotea ukiwa unatembea au unakula tu, tatizo ni hilo, wala si waya.

Na kama umeziba kweli pande zote mbili, kidole hakibadilishi kitu, na bado unaona besi ni ndogo? Huenda masikio yako yamezoea eafoni zilizokuwa zikitutumua besi hadi inafunika sauti nyingine. Jipe siku nne tano za kusikiliza hizi mpya peke yake. Utaambiwa uziache zipige usiku kucha mara kadhaa ili “zilainike”. Mimi sioni sababu ya kupoteza usiku huo. Kinachobadilika zaidi katika siku hizo ni wewe unayesikiliza, na huwezi kubadilika ikiwa eafoni ziko mezani na wewe umelala.

## Muziki unapiga, mwimbaji hayupo

Mpwa wangu alinijia na eafoni mpya mkononi. “Mjomba, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Muziki upo, mwimbaji hayupo.” Nikazivaa. Kweli, magitaa yametanda kushoto na kulia, mwangwi umejaa, lakini mwimbaji alikuwa kama anaimba chumba cha jirani mlango umefungwa, na besi haikuwepo. Nikaminya kitufe cha maikrofoni kwenye waya, nikakishikilia. Mwimbaji akarudi katikati ya kichwa, mzima. Nikaachia kitufe, akatoweka.

Ukiona hivyo, acha kuzilaumu eafoni. Angalia pini yenyewe: ile ya milimita 3.5 yenye maikrofoni ina sehemu nne zilizotenganishwa na miduara mitatu ya plastiki. Ncha ni ya kushoto, inayofuata ni ya kulia, na mbili zilizobaki ni njia ya kurudishia umeme na maikrofoni. Njia ya kurudi hutumiwa na pande zote mbili. Ikikatika, umeme unalazimika kupita spika moja na kurudia kwenye nyingine, na unachosikia ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote mbili hujifuta. Na katika nyimbo nyingi kilicho sawa pande zote ni sauti ya mwimbaji, besi na ngoma kubwa. Kitufe cha maikrofoni kikiminywa huunganisha maikrofoni na njia ya kurudi, kwa hiyo kwa muda ule umeme hupata pa kupitia.

Kwa mpwa wangu chanzo kilikuwa vumbi la mfukoni. Tulizima simu, tukamulika tundu kwa tochi, nikaingiza njiti ya kuchokolea meno, ya mbao, nikawa nakwangua taratibu kwenye kitako. Kikatoka kipamba cha kijivu kilichogandamana, kikubwa kama punje ya mchele. Kimekuwa kikishindiliwa kila pini ilipoingizwa. Pini ikaingia safari hii ikalia “tik”, ikakaa, na ule ufa mwembamba uliokuwa ukionekana kati ya pini na simu ukawa haupo. Usitumie sindano wala kitu chochote cha chuma. Ndani kuna ndimi nyembamba za shaba zinazopinda kirahisi.

Vyanzo vingine vya dalili hii hii ni vitatu. Kava nene la simu linaweza kuizuia pini isifike mwisho: livue ujaribu. Waya unaweza kuwa umekatika ndani karibu na pini, na hapo sauti huja na kupotea ukiupinda. Na kuna mipangilio miwili ya pini hizo, CTIA na OMTP, ambayo imebadilishana nafasi za maikrofoni na njia ya kurudi. Simu za siku hizi hutumia CTIA. Eafoni au adapta ya zamani inaweza kuwa OMTP. Eafoni zisizo na maikrofoni, zenye miduara miwili tu, hazina mgogoro huo.

Usichanganye dalili hii na ndugu yake. Eafoni zenye waya wa kuchomoka kwa pini mbili ndogo, zile za milimita 0.78, zinaweza kuchomekwa kichwa chini upande mmoja. Hapo spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Mwimbaji yupo, ila hujui yuko wapi. Sauti imeelea nje ya kichwa, besi imelegea, na ukisikiliza muda mrefu unahisi kizunguzungu fulani. Washa sauti ya mono, yaani pande zote mbili zipige kitu kile kile, kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) ya simu. Kila kitu kinapaswa kukusanyika kitone kimoja katikati ya kichwa. Kisipokusanyika, chomoa upande mmoja, geuza, chomeka tena. Rangi nyekundu au herufi R ni ya kulia.

## Upande mmoja uko chini

Kwanza fungua mipangilio ya ufikivu uangalie mizani ya kushoto na kulia. Android na iPhone zote zinayo, na kidole huweza kuisogeza bila mwenyewe kujua.

Kama mizani iko katikati, badilisha masikio: eafoni ya kushoto ivae kulia, ya kulia ivae kushoto, hata kama umbo linakataa kukaa sawasawa. Udhaifu ukihama pamoja na eafoni, kosa liko kwenye eafoni, waya au kule unakochomekwa. Udhaifu ukibaki kwenye sikio lile lile, kosa liko sikioni: labda kipira, labda nta imejaa. Nta ya kujaa ni kazi ya mhudumu wa afya. Pamba za kijiti huisukuma ndani zaidi.

Udhaifu ukihama na eafoni, na waya ni wa kuchomoka, badilishana nyaya: waya wa kushoto kwenye eafoni ya kulia. Kwa jaribio hilo moja unajua kama uangalie eafoni yenyewe, au waya na kule unakochomekwa. Vishikizo vya duara vya aina ya MMCX, vile vinavyozunguka, hulegea vikichomolewa mara kwa mara. Vichomeke mpaka visikike, kisha uviache.

Mara nyingi lakini mshtakiwa ni wavu mdogo ulio kwenye mdomo wa eafoni. Toa kipira, uishike eafoni chini ya mwanga. Ukiona rangi ya manjano au kahawia imetanda kwenye matundu, umeiona sababu. Geuza eafoni mdomo uangalie chini, ndipo usugue kwa brashi laini kavu, ili kinachobanduka kianguke badala ya kuingia. Usichome kwa pini, usimwage spiriti mdomoni. Eafoni nyingine zina vichujio vya kubadilisha, na hivyo ndivyo vya kutafuta.

Kama sauti hushuka ukiwa kwenye mazoezi na kurudi kesho yake, huo ni unyevu. Zilaze usiku mmoja kwenye kikopo chenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu.

Na ule mlio wa “krak” unapozivaa, kama karatasi inayokunjwa? Hewa uliyoifungia imeibonyeza ngozi ya spika. Vaa polepole huku umelivuta sikio, nao utapungua. Kwa kawaida hauharibu kitu.

## Herufi “s” inachoma

Kila mwimbaji akitamka “s” au “sh” ni kama sindano, na matoazi yanakwaruza. Kabla hujaziita eafoni kali, zisukume ndani milimita mbili.

Sababu yake ni hii. Hewa iliyobaki kati ya eafoni na ngoma ya sikio huwa na mlio wake wa asili, kama chupa unayoipuliza mdomoni. Kwa uvaaji wa kawaida mlio huo huangukia karibu na 8,000 Hz (mitetemo 8,000 kwa sekunde), jirani kabisa na makali ya “s”. Ukizivaa juu juu, mfereji uliobaki unakuwa mrefu na mlio hushuka kuelekea pale penye “s” nyingi. Ukizisukuma ndani, unapanda na kutoka njiani. Ndiyo maana watu wawili husikiliza eafoni moja, huyu akasema tamu, yule akasema zinachoma, na wote wakawa wakweli.

Sponji nalo hulainisha sauti za juu. Kama bado inachoma, shusha ikwalaiza desibeli mbili au tatu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya 6,000 na 9,000 Hz. Na jiulize kama husikilizi kwa sauti kubwa mno. Eafoni zinazoziba vizuri hazihitaji kupandishwa kama zile za zamani zilizokuwa zikipigana na kelele za nje.

## Kuna “shshsh” nyuma ya ukimya, au sauti haitoshi

Simamisha wimbo, pandisha na ushushe sauti. Kama mvumo haubadiliki, unatoka kwenye simu au adapta, si kwenye eafoni. Eafoni nzuri za ndani ya sikio huwa nyepesi kuitika: zipo zinazotoa desibeli 110 kwa miliwati moja tu ya umeme, kiasi ambacho sikio halipaswi kukaa nacho. Kwa wepesi huo zinasikia hata takataka za umeme ambazo eafoni za zamani zilizipuuza. Dawa ni adapta tulivu zaidi, wala si amplifaya yenye nguvu. Amplifaya ya nguvu huenda ikauzidisha mvumo, na ninasikitika kila ninapoona mtu ameambiwa aanze na hiyo.

Chanzo cha sauti, yaani simu au adapta, kina ukinzani wake pia, unaopimwa kwa omu, na kanuni inayotumika ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa eafoni. Eafoni ya omu 16 inataka chanzo cha omu 2 au chini. Ukizidi, eafoni zenye spika nyingi ndogo za aina ile ya vifaa vya kusaidia kusikia hubadilika tabia: besi inanenepa au sauti za juu zinazama. Eafoni zenye kispika kimoja cha kawaida hazijali sana. Kwa hiyo zikisikika tofauti kwenye kompyuta na kwenye simu, usishangae.

Simu nyingi sasa hazina tundu la milimita 3.5, Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016. Adapta za USB-C ziko za aina mbili, na kwa macho zinafanana. Moja ina chipu ndani inayogeuza namba kuwa sauti. Nyingine ni waya mtupu, inategemea simu itume sauti iliyokwisha geuzwa, na simu nyingi hazitumi. Ukichomeka kimya kikatawala, au simu ikasema kifaa hakitambuliki, una ile ya waya mtupu. Ya Apple ya USB-C ina chipu na ni safi, lakini kwenye baadhi ya simu za Android hutoa sauti ya chini kuliko uwezo wake. Angalia pia kama simu imewekewa kikomo cha sauti kwenye mipangilio.

## Eafoni za Bluetooth

Mengi ya hapo juu yanahusu na hizi, hasa vipira. La kwao peke yao ni moja linalosumbua sana: muziki ghafla unasikika kama simu ya mezani. Maana yake kuna programu imewasha maikrofoni, na Bluetooth imehamia kwenye njia ya mazungumzo, ambayo ni nyembamba. Funga programu ya simu za video, mchezo au kirekodi. Kuhusu kodeki, yaani namna muziki unavyobanwa ili upite hewani, LDAC inafika kilobiti 990 kwa sekunde, lakini mahali penye msongamano wa mawimbi hukatika. Ishushe, au tumia AAC. Ningependa muziki usiokatika kuliko namba kubwa.

## Wimbo mmoja mzuri, mwingine takataka

Hapa eafoni zinafanya kazi yake. Zinakuonyesha faili lilivyo.

Sikiliza matoazi. Kwenye faili la MP3 la kilobiti 128 mara nyingi hayalii “tsii” ikafifia, yanalia kama maji yanayotokota. Makofi ya watu yanageuka mvua. Sauti za juu kabisa zimekatwa. Ukiwa na eafoni za zamani hukuyaona hayo. Na kulibadilisha faili hilo kuwa la kilobiti 320 hakurudishi kilichokwisha tupwa, linanenepa tu. Nyimbo zilizochomolewa kwenye video, zikabanwa, zikatumwa, zikabanwa tena, ndizo mbaya zaidi. Zitafute upya.

Kama unasikiliza mtandaoni, ingia kwenye mipangilio ya ubora. Spotify, kwa mfano, ina viwango kadhaa, vikiwemo vya kilobiti 96, 160 na 320, na kiwango cha Wi-Fi, cha data ya simu na cha nyimbo unazopakua huwekwa kila kimoja peke yake. Mtu ameweka cha juu kwenye Wi-Fi, akitoka nje anasikiliza cha chini, anasema eafoni zinabadilika zikipigwa na jua. Nyimbo ulizopakua zamani kwa ubora mdogo zifute, uzipakue tena.

## Waya unagonga, hatua zinasikika kichwani

Waya ukigusa nguo unasikika “gudu gudu” kwa sababu eafoni imeziba na mtikisiko hauna pa kutokea. Upitishe juu na nyuma ya sikio, hata kwa eafoni ambazo hazikuundwa hivyo, au ubane kwenye kola kwa klipu. Hatua na kutafuna kwako mwenyewe ni jambo lingine: mfereji ukizibwa, sauti za mifupa hunaswa ndani. Kuzisukuma ndani zaidi hupunguza. Hazitaisha kabisa, na kama unakimbia kila siku, pengine unahitaji eafoni nyingine za kazi hiyo, zisizoziba. Barabarani ni salama zaidi pia.

## Masikio yanauma, yanawasha, yanavuma

Kuuma ni saizi ya kipira au umbo la eafoni linalogusa ukingo wa sikio. Kuwasha mara nyingi ni uchafu na unyevu: vua vipira vya silikoni, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha.

Kuvuma ni suala zito. Ukivua eafoni ukasikia mlio ambao haumo chumbani, umezidisha. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama kipimo cha mtu mzima, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unapungua nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Baadhi ya simu zinaweza kukuonyesha kiwango unachosikiliza. Mlio ukiendelea, au usikivu ukishuka ghafla upande mmoja, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyo hiyo.

## Kila kitu kiko sawa, ila sizipendi

Linganisha kwa haki. Sikio hupenda kilicho na sauti kubwa zaidi, hata kwa desibeli moja, na hukiita bora. Eafoni zako za zamani huenda zina sauti kubwa kwa namba ile ile ya simu. Weka sauti ya mwimbaji ilingane kwa masikio yako katika zote mbili, ndipo uamue.

Zikishindwa hapo, jaribu ikwalaiza kwa adabu. Punguza kinachozidi kabla ya kuongeza kinachopungua. Ukiongeza besi desibeli 5, shusha kiwango cha jumla desibeli 5, la sivyo ngoma zitapasuka na utazidhania eafoni zimekufa. Marekebisho mawili matatu mapana yanatosha. Ukijikuta na kumi, eafoni hizo si zako.

Basi zirudishe muda wa kurudisha ukiwa bado haujapita, zikiwa na vipira na vichujio vyake vyote. Kabla ya kuzifunga kwenye boksi, andika kwenye simu saizi ya kipira iliyokaa kulia na iliyokaa kushoto, kama mdomo wake ulikuwa mfupi au mrefu kwa sikio lako, mahali ulipogusa ukauma, na sauti iliyokuudhi ilikuwa ya chini, ya kati au ya juu. Ukienda kununua nyingine, mpe muuzaji maelezo hayo.